Niliwapeleka Saadani kuzamia, wakakuta tope

Wadau, leo naomba nitubu hadharani.

Kuna makala niliandika gazetini, enzi hizo nimetoka chuoni juzijuzi na kichwa kimevimba. Mhariri alitaka ukurasa mzima wa utalii kabla ya saa kumi jioni. Nikakaa ofisini Dar, feni inazunguka, nikaandika kwamba Saadani ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 (kweli), kwamba nyati na twiga wanatembea mpaka karibu na Bahari ya Hindi (kweli), na kwamba maji yake ni kioo, pepo ya wapenda kuzamia. Hilo la mwisho nilitoa kichwani. Saadani kwenyewe nilikuwa sijakanyaga hata siku moja!

Januari 2019 nikapigiwa simu na dada mmoja niliyesoma naye. Ana wageni wawili kutoka Uholanzi, mume na mke, wote wazamiaji. (Kwa vijana wa Dar mzamiaji ni yule aliyejificha kwenye meli kwenda Ulaya. Hawa walishatoka huko, walikuja na mitungi vichwani mwao.) Dada aliwatafsiria makala yangu, wamefurahi, wanataka Saadani, na mimi niwe mwenyeji na mkalimani. Nafsi ilinisuta, lakini mdomo ukasema "hakuna shida".

Tukapita Chalinze, tukakata kulia Mandera, tukala vumbi kama kilomita 60. Bahati ilikuwa kaskazi, barabara kavu. Wakati wa masika usijaribu na gari dogo, ule udongo mweusi unashika gurudumu kama ulimbo.

Jioni tukashuka ufukweni. Bahari rangi ya chai ya maziwa! Yule bwana akavaa miwani yake, akaingia mpaka kifuani, akainama. Akainuka. Akainama tena. Pembeni alikuwepo mzee anashona wavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyo mgeni kaangusha nini?"

Nikamwambia hajaangusha kitu, anataka kuona samaki. Mzee akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Huku samaki tunamwonea wavuni, mwanangu. Mto Wami huo hapo kusini, unashusha udongo tangu milima ya huko Ukaguru na Nguru. Kamba wanapenda tope na mikoko. Maji yakitakata, sisi tutakula nini?"

Mimi mwandishi, darasa lote hilo nimepewa na mtu kwa dakika moja, bure. Laiti ningempata siku ile ya makala.

Usiku nikawaeleza wageni ukweli, kwamba mwandishi ni mimi na nilibuni. Bwana alinyamaza muda mrefu mno. Mkewe akauliza tu: sasa wapi?

Basi hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu, kazi ambayo ningeifanya mwanzo. Na kwa yeyote atakayeletewa wageni wa namna hii, sikia. Saadani waje wapande boti kwenye Wami wakaone viboko, mamba na ndege, wale kamba, basi. Mitungi ya hewa hutapata wa kuijaza hapo kijijini. Kuzamia kwa kweli kuko ng'ambo: Mnemba kule Unguja, Pemba kwenye kuta za matumbawe na mikondo mikali (si kwa anayejifunza), na Mafia, yenye hifadhi ya bahari tangu 1995, ambako papa potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Maji huwa safi zaidi kuanzia Oktoba mpaka Machi. Masika mvua inachafua, kusi likikaza bahari inachafuka. Na angalia mwezi, kama wavuvi wanavyofanya: bamvua maji yanakwenda mbio na kuvuruga mchanga, maji mafu ni tulivu. Dawa ya malaria wamuulize daktari na wamwambie wanazamia, maana ile ya mefloquine humletea mtu kizunguzungu na wasiwasi, ukiwa majini hujui unaumwa na dawa au na mbizi. Na nguo mbichi zisije kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Kwa sisi tuliokuwa Saadani, jirani ni kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kikiwa na miti, na kasa wengi wakitaga. Miti ikaisha, sasa ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama lote. Ndiyo maana mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Unakwenda maji yakipwa, hilo halina mjadala.

Tukakata kwenda Ushongo kupitia Mkwaja. Kesho yake alfajiri wakapanda boti, wakazama mara mbili. Walipotoka nyuso zao nilitamani niwapige picha. Walimwona kasa! Mimi nilibaki botini, bahari na mimi tunaheshimiana kwa mbali.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kuharibu mara ya pili. Mpango wao ulikuwa tule, tuvuke mto Pangani kwa kivuko, jioni tulale Lushoto kwenye baridi. Kijana aliyewaongoza, mtoto wa Pangani, akaniuliza kwa Kiswahili wakati anafungua mikanda: "Kaka, hawa wanalala wapi leo?"

"Lushoto."

"Hawaendi."

Nikadhani anatafuta hela ya siku ya pili. Akaniita pembeni, akachukua chupa ya soda, akaifungua. Povu likapanda. "Ndani ya damu yao kuna hewa ya naitrojeni imeyeyuka kama hii gesi. Ukiwapandisha juu haraka, inatoka mapovu. Kwenye maungo, kwenye uti wa mgongo. Mtu anapooza, kaka."

Mimi nilijua habari ya ndege, kwamba baada ya mbizi zaidi ya moja usipande kabla ya saa 18 kupita, na wengi husema bora 24. Kumbe mlima nao ni vilevile! Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Ngorongoro ukingoni ni zaidi ya 2,000. Ratiba zetu za "asubuhi bahari, jioni mlima" zinapendeza kwenye karatasi, na chumba cha kutibia ugonjwa huo hakipo Pangani wala Lushoto. Ukipata mgeni muulize bima yake inalipa kusafirishwa, na chumba kinachofanya kazi kiko wapi, kabla hajalowa.

Nikarudi kwa wageni nikatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Bwana akaniangalia. "Hii nayo umebuni?"

Nikamwita yule kijana aje na chupa yake.

Wakalala Ushongo. Chumba cha Lushoto kilikuwa kimeshalipiwa, hela haikurudi, nikachangia nusu.

Niliporudi Dar nilimwomba mhariri tutoe masahihisho. Akasema makala ya zamani, nani anaikumbuka. Kwa hiyo nayatoa hapa: pale nilipoandika "maji ya Saadani ni kioo", isomeke "maji ya Saadani ni ya tope, na kamba wake ni watamu".