Tulimkataza Bibi kushika ndoo, kumbe tunammaliza

Mwaka jana bibi yangu wa Kasulu alianguka akitoka uani. Hakuvunjika, ila sisi wajukuu tuliogopa kinoma. Tukapiga marufuku kila kitu: shamba, ndoo, hata kufagia. "Bibi, we kaa tu, tutafanya sisi."

Jamani, miezi minne tu! Nikatoka Kibondo kwenda kumsalimia, nikakuta hanyanyuki kwenye kiti mpaka ashikwe mkono. Mapaja yamenywea. Tulidhani tunamtunza, kumbe tunamdhoofisha.

Iko hivi: misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya 30, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Usipoitumia, ndo inaisha kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, angalau siku 3 kwa wiki.

Basi, nesi alimcheki kwanza, ndipo tukaanza. Kiti kizito kimeegemea ukuta: kaa, simama, mara 5. Kisha anashika meza, anainua mguu mmoja, tunahesabu mpaka 10, anabadilisha. Mimi niko pembeni, sibanduki. Na kwenye sahani, maharage na dagaa havikosi.

Juzi kaamka mwenyewe, kachukua fagio. Nikanyoosha mkono nimpokee. Akaniangalia: "Mjukuu wangu, niache nisimame."

Nikamwacha.

Vipi, wewe wa kwenu umemkalisha?