MWAZYE: KWA BABU ANAYEFUFUA NYEMBE ZA MJERUMANI

Msomaji wangu, ukisikia Sumbawanga najua akili yako inakimbilia wapi. Radi, ungo, na watu wanaolimishwa usiku wakiwa usingizini. Wenyeji wanakwambia jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", yaani ukifika, mzigo huo uache njiani. Leo sikuletei uchawi bwana. Nakuletea wembe.

Mwazye ni kijiji cha misheni ya zamani ya Wakatoliki, katika Wilaya ya Kalambo iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012. Ufipa ni nchi ya juu, milima yake ya Mbizi inapita mita 2,400, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba mtu wa Dar utamjua tu kwa kutetemeka. Mahindi, maharage, ulezi, ng'ombe, upepo. Na nyuma ya jiko la nyumba moja kuna kibanda, meza ya mbao, jiliwa, tupa, mafuta ya cherehani, na mzee mmoja mwenye kidevu laini kama cha bwana harusi.

Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, karibu, usiguse kitu.

Alichokatazia nisiguse ni nyembe za kukunja, zile za vinyozi wa zamani zinazolala ndani ya mpini kama kobe. Moja imechongwa jina Solingen, nyingine Sheffield. Solingen ni mji wa Ujerumani, Sheffield wa Uingereza, na wote wawili umaarufu wao ni visu na nyembe. Wajerumani wanalilinda jina hilo mpaka wakalitungia sheria mwaka 1938, kwamba chuma kisichotengenezwa Solingen kisijiite Solingen. Kuonekana kwao huku si ajabu. Kasanga, kule ziwani, Mjerumani alikuwa na boma lake akaliita Bismarckburg, hadi Mwingereza alipomtoa mwaka 1916. Ila usidhani nyembe hizi ziliachwa na mapadri. Wale Mapadri Weupe walioleta dini huku walikuwa watu wa ndevu ndefu, ndevu zilikuwa kama kitambulisho!

Kazi yenyewe inaanza na kutu. Babu anaupaka wembe mafuta, anaulaza usiku kucha, asubuhi anausugua kwa msasa wa maji uliozungushiwa kijiti, polepole, akifuata urefu wake. Kutu ya juu juu inatoka. Ile iliyokwisha kula makali ni habari nyingine. Hapo lazima upunguze chuma mpaka upite shimo, ama uukubali msiba. Mpini uliooza anauchonga upya kwa pembe ya ng'ombe, anaufunga kwa waya wa shaba uliogongwa vichwa huku na huku.

Nikamuuliza, kwa nini usipeleke mjini kwenye mashine ya cheche, dakika mbili kazi imekwisha? Akasonya! Wembe ni mwembamba, joto linaupanda haraka. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya njano, kisha bluu, ujue ugumu wake umekwenda, na hata ukinoa mwaka mzima makali hayakai.

Kwa hiyo ni jiwe na maji. Wembe unalazwa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Mgongo ndio unaopima mwinamo, siyo ujanja wa mkono wako. Unasukuma makali yakitangulia, ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, unarudi. Wenye nazo wananunua mawe yenye namba, 1,000 la kutengeneza makali, 8,000 la kuyalainisha. Babu analo moja la dukani, na la pili ni la mtoni, laini kama sabuni. Kisha mkanda wa ngozi, na hapo mambo yanageuka, mgongo ndio unaotangulia, maana ukitanguliza makali umechana mkanda. Nenda rudi hamsini. Mwisho kabisa anauburuta hivyo hivyo juu ya gazeti lililokunjwa. Ndiyo, gazeti! Karatasi yake na wino vinang'arisha makali. Waandishi wenzangu, kumbe tuna faida.

Sasa kuna jambo halikunitoka kichwani. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe. Walijenga tanuru za udongo ndefu kupita mtu, zinaitwa malungu, zikipulizwa na upepo wenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka kikasafishwa kwenye tanuru dogo la kintengwe, hilo sasa kwa mivukuto. Majembe, mashoka, visu, vyote hapo hapo. Vikaja vya meli vya bei poa, na kabla ya uhuru malungu yakawa yamezimika. Babu ni wa ukoo wa wahunzi hao. Yaani anachokifufua ni bidhaa ya wale wale waliomzimia babu yake moto. Nilipomwambia hivyo alicheka tu. "Chuma hakina kosa, mjukuu wangu."

Adui yake wa leo ni wanunuzi wa chuma chakavu. Wanapita na mizani, na kwenye mizani hiyo wembe wa Solingen na msumari uliopinda ni kitu kimoja. Wajane wanauza vilivyoachwa na marehemu, sufuria, jembe, na wembe humo humo. Babu ameomba majirani wampitishie kwanza. Wengine wanakumbuka, wengine shida haiwasubiri.

Mwenyewe ni mchokozi, nikamwomba aninyoe. Akakataa katakata. Zamani wembe mmoja ulinyoa nusu ya kijiji. Ukimwi ulipobainika nchini mwaka 1983, kule Kagera, watu walifundishwa kila mtu na wembe wake, na homa ya ini nayo hupitia njia hiyo hiyo ya damu. Wembe wa pakiti unautupa, huu hautupwi. Kwa hiyo kila anaoufufua unapata mwenyewe mmoja, kidevu kimoja, basi. Hata mwanawe wa kumzaa hauazimi ule wa baba.

Kidevu changu nilikwenda kukinyoa Matai, kwa wembe mpya wa pakiti.