Kalamu ya Mwenye Duka

Biashara ni mazungumzo kabla ya kuwa mapatano. Mtu aingiaye duka la leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, hanunui kwa macho peke yake. Huishika nguo, huikunjua, huvuta pindo lake, husoma jina lake kwa sauti ndogo, kisha huuliza bei, akaikataa ili atajiwe nyingine. Jicho limeona, mkono umepima, sikio limesikia sauti ya muuzaji. Mashahidi watatu hawa wakiafikiana, fedha hutoka. Duka la intaneti halina mlango wa kuingilia wala meza ya kukunjulia nguo. Mnunuzi yuko Maskati au Toronto, muuzaji yuko Mombasa, na kati yao pana bahari. Picha yaweza kulisaidia jicho, lakini mkono hauna la kushika. Hapo neno hutakiwa kufanya kazi ya mkono, na mwenye duka, apende asipende, sharti awe mwandishi.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuanza jana kuoanisha neno na bidhaa. Leso, ambayo wengine huiita kanga, yasimuliwa kuwa ilizaliwa katika karne ya 19, wanawake waliponunua vitambaa vya mkono vingali vimeungana katika jora, wakavishona sita pamoja kuwa nguo moja. Nguo hiyo ilipokamilika umbo ilikuwa na pindo na mji. Jina lilikuja baadaye. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kuzitia misemo mapema katika karne ya 20. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Pamba ilikuwa ile ile na rangi zile zile, lakini tangu hapo mnunuzi alichagua nguo iliyosema yaliyokuwa moyoni mwake. Muuzaji aliyesikia yasemwayo barazani alipata la kuandika. Asiyesikia alibaki na marobota yake.

Wala jambo hili si la pwani peke yake. Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia, alianza kazi akiwa na deni, akauza pia karatasi na wino katika duka lake. Mwisho wa mwaka 1732 alitoa kitabu cha kalenda kwa jina la kubuni, Richard Saunders, akaendelea kukitoa kila mwaka hata 1758. Nafasi ndogo zilizobaki kati ya siku na siku alizijaza methali za bidii na za kuweka akiba. Mwenyewe aliandika kuwa nakala karibu 10,000 ziliuzwa kila mwaka. Wakulima walikinunua kwa ajili ya mwezi na jua, wakajikuta wakisoma hekima. Lakini Franklin huyo huyo hakuiachia kalamu kazi yote ya kujenga jina lake: karatasi aliyonunua aliisukuma mwenyewe barabarani kwa gari la mkono, ili watu waone kuwa haionei haya kazi yake. Alijua ya kuwa neno huaminiwa pale mwenendo unapolishuhudia.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa mama mmoja wa Mombasa auzaye leso kwa njia ya intaneti. Hana duka la mawe. Bidhaa yake yote hukaa katika kabati chumbani mwake. Kila Jumatatu huwapelekea wanunuzi wake barua fupi. Barua za mwanzo ziliwafikia watu 11, wengi wao jamaa zake, nazo zilikuwa na maneno ya namna moja: karibuni, mali mpya imefika, bei ni nafuu. Hakujibu mtu. Siku moja msichana aliyelelewa ughaibuni alimwuliza, "Bibi, mbona leso niliyoletewa ni ndefu kama shuka, na picha ni ile ile mara mbili?" Alikuwa hajui ya kuwa leso huuzwa doti, yaani pande mbili zilizoungana, na mwenyewe huzikata na kuzipinda. Mama yule akaandika barua nzima juu ya kukata na kupinda. Barua hiyo ilipita kutoka simu hata simu, na majibu yakaanza kurudi.

Tangu hapo maswali ya wanunuzi yakawa kisima chake. Aliandika jinsi ya kumchagulia mkwe leso ambayo jina lake halitaleta ugomvi. Aliandika juu ya kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe, na heshima yake katika arusi. Aliweka daftari la majira, akaona ya kuwa Idi hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya miladi, na kwa hiyo barua iliyofaa mwaka uliopita itachelewa mwaka huu, na kifurushi pamoja nayo. Aliandika neno moja kwa barua moja. Barua ya zamani iliyotaja bei iliyokwisha badilika aliisahihisha, kwa maana andiko la duka ni kama ubao wa mlangoni: likidanganya, mpita njia hasimami tena.

Mtihani ulikuja na mzigo mmoja wa leso nyekundu, doti 40, ambao ulikuwa umemeza karibu mtaji wake wote. Alifua moja kwa maji ya chumvi, kama ilivyo desturi, na rangi ikatoka ikaingia katika weupe wa mji. Akafua ya pili, ikawa vile vile. Kiwanda kilikuwa mbali na hakikujibu. Baadhi ya wanunuzi walikuwa wamekwisha lipa, maana tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 fedha husafiri kwa dakika moja, na nguo hufuata kwa siku nyingi. Katika siku hizo nyingi mnunuzi hana dhamana ila ulimi wa muuzaji. Hapana mtu aliyejua habari ya beseni lile ila mama yule na maji yake mekundu.

Jumatatu ilipofika aliandika ya kuwa rangi ya mzigo ule haishiki. Kwamba atakayeitaka nguo atapunguziwa bei, naye aifue peke yake. Na kwamba aliyelipa na hakuridhika atarudishiwa fedha zake. Wengine walirudishiwa. Wengine walichukua kwa bei ndogo, za kujifunga jikoni. Hesabu ya mwezi ule ilifungwa kwa hasara, na mtaji ulichukua muda mrefu kurejea. Ingekuwa uwongo kusema ya kuwa ukweli ulimtajirisha. Alichokipata ni kingine: barua yake iliyofuata, iliyosifu mzigo mzuri, iliaminiwa. Sifa ya mtu aliyewahi kutangaza aibu ya mali yake ina uzito ambao sifa nyingine hazina.

Jambo hili lina haja ya kukumbukwa leo kuliko jana. Sifa za uwongo hununuliwa kwa bei ndogo, na maandishi ya jirani hunakiliwa kwa kidole kimoja. Mashine zenye akili bandia zaweza kuandika barua 100 kabla ya chai kupoa, tena kwa sarufi safi. Hapana dhambi katika chombo, kama ambavyo hapana dhambi katika kalamu. Lakini mashine haijafua leso. Haikuliona beseni, wala haikuulizwa swali na msichana aliye ugenini. Ikiandika pasipo mtu mwenye kujua bidhaa, itapamba nguo ichujayo kwa maneno yale yale ipambayo nguo njema, na mnunuzi, akidanganywa mara moja, hatamshtaki mashine; atamwacha mwenye duka.

Maandishi ya duka dogo hukua polepole, kama mnazi, na mpandaji hahesabu nazi katika mwaka wa kwanza. Yahitaji siku maalumu isiyovunjwa, sikio lisikialo maswali, na daftari lionyeshalo ni neno gani liliwafaa watu na ni neno gani lilipita kama upepo. Zaidi ya hayo yahitaji mtu aliye tayari kusimama nyuma ya kila alichoandika, hata siku ambayo kuandika kutamgharimu. Mnunuzi wa mbali hushika neno kwa kuwa hawezi kushika nguo. Akilikuta limechuja, hatafungua tena kifurushi.