Pointi za Reli Chini ya Milima ya Usambara

Kwa wakazi wa Lushoto reli ni kitu cha bondeni, kwani huteremkiwa kwa barabara ya kona nyingi hadi Mombo, mji uliofikiwa mwaka 1905 na njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Katika kumbukumbu za wazee wa milimani stesheni imebaki na honi yake na mizigo yake, lakini pointi, ambayo ndiyo iliyoamua treni ifike salama au isifike, haitajwi sana.

Pointi ni mahali ambapo njia moja ya reli hugawanyika kuwa mbili. Hapo huwekwa vipande viwili vya reli vilivyochongwa vikawa vyembamba nchani, ambavyo hapa vitaitwa ndimi, navyo vimeungwa kwa fito za chuma ili viende pamoja mtu anapovuta mkono ulio kando ya njia. Ulimi mmoja ukibana reli kubwa ya upande wake, wa pili huachana na reli ya upande wa pili, na magurudumu hufuata upande uliofunguliwa. Kokoto moja ikinasa kati ya ulimi na reli yatosha kuuzuia usibane, na ndiyo maana mtunza pointi makini huinama akatazama kwa macho yake kabla ya kutia kufuli.

Kwa kuwa njia ya Tanga ni moja, treni zinazokutana hupishana stesheni tu, na kila palipopakiwa mizigo palihitajika njia ya pembeni ya kuegesha mabehewa. Kabla ya vita vya 1914 mbao za mtarakwa kutoka Shume ziliteremshwa kwa kamba ya chuma ya angani hadi Mkumbara, zikapakiwa kwenye mabehewa. Baadaye katani ikatawala bonde lote la Korogwe na Mombo. Upande wa mashariki, njia nyembamba ya Tengeni hadi Sigi, iliyokamilika mwaka 1910 na ambayo haipo tena, ilipanda mlima kwa kwenda mbele na kurudi nyuma: treni iliingia katika kipande kisichoendelea, pointi ikageuzwa nyuma yake, kisha ikapanda kinyumenyume. Huko kusahau pointi kulijulikana papo hapo. Kwenye njia kuu kosa laweza kulala usiku kucha.

Mfano ulio wazi zaidi umetoka Marekani. Usiku wa Januari 6, 2005, katika mji wa Graniteville, treni ya mizigo iliyokuwa ikienda kwa mwendo wa takribani kilomita 75 kwa saa iliingia njia ya pembeni na kuigonga treni iliyoegeshwa, kwa sababu wafanyakazi waliopanga mabehewa jioni iliyotangulia hawakurudisha pointi upande wa njia kuu. Gesi ya klorini ikavuja na watu 9 wakafariki. Pointi yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima, ila imeelekezwa kusikotakiwa, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, maana chuma kilichovunjika hukaguliwa na kuonekana, lakini usahaulifu hauachi alama. Dereva naye, hata akigundua mapema, ana maelfu ya tani nyuma yake, na breki haziwezi kuzisimamisha katika umbali anaouona kwa taa ya mbele.

Chini ya Usambara mabadiliko yalikuja kwa ukimya. Malori yalichukua mizigo, treni za abiria zikakoma katika miaka ya 1990, na majani yakaota kati ya mataruma, yaani mihimili iliyolazwa chini ya reli kuzishikilia. Huduma iliporejeshwa mwaka 2019, wengi wa waliozaliwa baada ya treni hizo kukoma walikuwa hawajawahi kuiona treni. Kwingineko, reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina pointi zinazoendeshwa kwa mota na kuunganishwa na mfumo wa ishara, hivi kwamba treni hairuhusiwi kupita mpaka ndimi zithibitishwe zimebana. Penye pointi ya kuvutwa kwa mkono isiyo na ishara hizo, uthibitisho wa pekee ni mtu aliyerudi kuitazama kabla ya kuondoka.