Mjomba na Kompyuta Mpya

Ndugu msomaji, kosa nitakalokusimulia nililitenda mwaka jana, na hata leo nikilikumbuka naona haya.

Mimi ni karani wa parokia moja ya upande huu wa Masasi na Newala. Kazi hii nilifundishwa na mzee aliyenitangulia, ambaye sote twamwita Mjomba. Ingawa amestaafu, alikuwa akija kila Jumatano kunisaidia kuandika vyeti vya ubatizo. Kompyuta yetu ya zamani aliijua kama shamba lake la mikorosho.

Basi, tukaletewa kompyuta mpya yenye programu mpya ya kuandikia. Kazi ni ile ile, bali sura imebadilika. Pale juu palipokuwa na maneno machache, sasa pana safu ya picha ndogo ndogo. Siku moja alikuja kijana kutoka Newala kutaka cheti, maana ndoa yake ilikuwa karibu, na gari lilikuwa tayari kuondoka. Mjomba aliandika vizuri, lakini mahali pa kuchapisha hakupaona. Akabonyeza huku na huku, maandishi yakatoweka. Nami nikacheka mbele ya mgeni, nikasema, “Mjomba, si hapo mbele ya macho yako!”

Mzee akavaa kofia yake. “Mpwa wangu,” akasema, “leo nimekuwa mgeni katika nyumba niliyoijenga.” Akaenda zake. Nami nikakaa kuyatafuta maandishi yale, nisiyaone. Kijana akakosa gari. Jumatano tatu zikapita, Mjomba hakuonekana.

Siku hizo nilisoma habari za mambo haya. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliondoa orodha za maneno katika Word na Excel, ikaweka utepe wa picha. Sababu ilikuwapo: amri zilikuwa nyingi mno, na nyingine zilijificha hata watu hawakujua kama zipo. Lakini neno File, ambalo makarani walizoea kuanzia hapo, nalo liliondolewa, pakawekwa kitufe cha mviringo kisicho na neno. Watu wengi walilalamika, na mwaka 2010 neno lile lilirudishwa. Tena mwaka 2012 Windows 8 ilitoka bila kitufe cha Start. Mwaka 2013 kikarudi. Nikajiuliza: ikiwa makarani wa London na Chicago walipotea njia, Mjomba ana kosa gani?

Bibi zetu wa Newala walioshuka bondeni alfajiri kuteka maji hawakuhitaji kuitazama njia. Miguu ndiyo iliyoijua. Njia ile ikihamishwa, hata mwenye akili nyingi atajikwaa. Mazoea yana taabu.

Nilikwenda kwake jioni nikamwomba radhi. Kesho yake tuliandika karatasi pamoja: upande mmoja mahali pa zamani, upande wa pili mahali papya, tukaibandika ukutani. Kisha nikamwonyesha mambo ambayo hayakubadilika. Ukishika Ctrl na kubonyeza P, bado unafika penye kuchapisha. Ukishika Ctrl na kubonyeza Z, unarudishiwa ulichokifuta kwa bahati mbaya. Laiti ningalikumbuka hilo siku ile, kijana asingalikosa gari!

Mjomba akatabasamu. “Kumbe milango mingine haikuhamishwa,” akasema.

Basi, wasomaji wapenzi, mkibadilisha kitu cha ofisini, shuleni au hata jikoni, msianze kwa kuusifu upya wake. Mwonyesheni mwenzenu kwanza yale yaliyobaki pale pale, ndipo mmwongoze penye mageuzi. Na anayeuliza mara ya pili asichekwe, kwa maana anayechekwa haulizi tena, na asiyeuliza hukaa nyumbani na maarifa yake yote.

Siku hizi Mjomba yupo ofisini kila Jumatano. Vitabu vya ubatizo vya miaka ya nyuma, vyenye mwandiko wa zamani, hakuna avisomaye kama yeye. Nami nikikwama katika mwandiko ule, namwuliza. Hajanicheka hata siku moja.