Mstari juu ya Nati

Alama ya rangi kwenye bolti ni mstari mwembamba unaoanzia juu ya nati au kichwa cha bolti, ukavuka wosha, ukaishia kwenye chuma kisichozunguka. Nati au bolti ikizunguka hata kidogo, mstari hukatika na vipande vyake huachana. Rangi haikazi kitu wala haizuii kitu kulegea. Ni shahidi tu. Lakini katika gari lililofanyiwa mabadiliko, likashushwa, likanyanyuliwa au likafungwa vifaa vya kurekebishika, shahidi huyo amekuja kubadili mtindo mzima wa ukaguzi.

Alama zenyewe si jambo geni katika gereji za Afrika Mashariki. Kabla ya kushusha propela, fundi mwenye akili zake hugonga patasi kwenye flanji zote mbili ili zirudi zilivyokuwa. Asipofanya hivyo gari huenda likatetemeka likishika mwendo, na mteja atarudi siku ya pili amekunja uso. Distribyuta nayo hupigwa mkwaruzo wa bisibisi shingoni ili taimini isipotee. Hizo zilikuwa alama za kurudishia. Zikishatumika, kazi yake imekwisha. Hakuna aliyerudi baada ya wiki mbili kuzitazama. Swali lilikuwa moja, kitu hiki kilikaa wapi, na halikuwahi kuwa kama kimesogea.

Kuhusu kusogea, tegemeo lilikuwa kotapini, wosha ya springi na mkono wa fundi. Kotapini ilistahili sifa zake, maana nati yenye meno iliyopitishiwa pini haiwezi kuzunguka ikatoka. Wosha ya springi ilisifiwa kuliko ilivyostahili. Mkono wa fundi ulikuwa hodari, ila haukuacha maandishi: akisafiri kwenda kwao kuzika, ujuzi wa bolti zipi za gari lipi ni korofi ulisafiri naye.

Mbio za magari za Safari ndizo zilizouweka mtindo huo kwenye mizani. Zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, na kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeshapamba moto. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mshindi wa mwaka 1965, Joginder Singh, alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mbioni mwaka uliotangulia, na si bahati kwamba yeye mwenyewe alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Datsun 240Z ikashinda mwaka 1971 na mwaka 1973.

Gari la mbio kama hizo lilipoingia kituo cha huduma, mafundi walilizunguka kwa spana, bolti baada ya bolti, na kila moja ikapewa mvuto mdogo wa mkono. Muda ulikuwa dakika chache, giza limeingia, matope yameganda hadi kwenye ekseli. Kwa hali hiyo, kukaza kila kitu lilikuwa jibu la busara. Lilikuwa na dosari moja kubwa, nayo ilirithiwa na gereji za mitaani zilizojifunza kwa kuwatazama mafundi wa mbio: fundi akikaza bolti hamsini na kila moja ikasogea kidogo, hajui ni ipi iliyokuwa ikilegea na ni ipi iliyokuwa salama akaivuta kupita kiasi. Ugonjwa umefunikwa, na bolti nzima imeanza kurefuka.

Sababu ya kulegea kwenyewe ilieleweka vizuri baadaye kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1969 Gerhard Junker, mhandisi wa Ujerumani, alionyesha kwamba adui mkubwa wa bolti ni mtikisiko wa kukata upande, ule unaovifanya vipande viwili vilivyobanwa viteleze kushoto na kulia. Kila vinapoteleza, msuguano unaoishikilia nati hupotea kwa muda mfupi sana, na uzi hujifungua wenyewe bila mkono wa mtu. Mashine aliyoitumia bado inatumika kupimia vifungio, na ndiyo iliyoiumbua wosha ya springi. Anayeijua barabara ya changarawe iliyojikunja mawimbi madogo, inayofanya dashibodi iimbe na meno yagongane, hahitaji mashine hiyo kuelezwa maana ya mtikisiko.

Lipo pia jambo la pili linaloutia shaka ukaguzi wa spana. Fundi anapokaza, takriban asilimia 90 ya nguvu yake huishia kwenye msuguano, chini ya kichwa cha bolti na ndani ya nyuzi. Asilimia 10 hivi ndiyo inayoivuta bolti ikabana. Kwa hiyo spana ya kipimo ikilia juu ya bolti iliyoshika kutu, mlio huo unasema zaidi kuhusu kutu kuliko kuhusu mkazo. Nati za tairi za Toyota ndogo hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Namba hiyo inazihusu nyuzi safi na kavu, na mwenye kuzipaka grisi kwa nia njema anazikaza zaidi bila kujua.

Mstari wa rangi ulitoka kwenye ndege. Katika karakana za ndege, bolti iliyokazwa na kukaguliwa hupigwa rangi inayokauka ikawa ngumu na kuvunjika kwa urahisi, na anayepita baadaye na tochi husoma kwa macho bila kugusa. Magari ya mashindano yaliazima desturi hiyo pamoja na waya wa kufungia bolti. Carroll Smith, Mmarekani aliyefanya kazi na timu ya Ford GT40, aliandika mwaka 1975 kitabu kizima, Prepare to Win, kuhusu maandalizi ya gari la mashindano, na tangu hapo wasomaji wake hawakuweza tena kuiona bolti kama kitu kidogo.

Mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam haikuupata mstari huo kwa njia ya vitabu. Ulishuka bandarini. Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi kupitia Mombasa na Dar es Salaam, yaliingia na nukta na mistari ya rangi chini yake: njano, nyeupe, kijani, kwenye bolti za miguu ya mbele, za breki na za usukani. Ni alama za kiwandani, zilizopigwa na mfanyakazi kuthibitisha kwamba bolti imekazwa. Wengi waliziona kama uchafu wa rangi, na wengine walizifuta wakati wa kuosha injini. Fundi mwenye jicho kali aliweza kujua kwa kutazama tu kama mguu wa gari uliwahi kufunguliwa: nukta ikiwa imegawanyika, kuna mkono uliopita pale. Hiyo ilisaidia wakati wa kununua gari kuliko maneno ya dalali.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya wenye magari. Vijana wa Subaru Impreza wa Nairobi, na wenzao wa Toyota Altezza wa Dar es Salaam, walianza kufunga koilova, yaani springi na shokapu za pamoja zenye uzi mwilini ili gari lishushwe au linyanyuliwe kwa kuzungusha pete. Kila kifaa cha namna hiyo huongeza viungo ambavyo kiwanda hakikuviweka, na ukaguzi wa mara kwa mara ukawa wa lazima. Kumlipa fundi kila Jumamosi akaze upya hakukuwezekana. Chupa ya rangi ya kucha ikawezekana. Ni ya bei ndogo, ina brashi yake, na hukauka ikawa ngumu kiasi cha kupasuka badala ya kunyumbuka, sifa ileile inayotafutwa kwenye rangi ya ndege.

Namna ya kupiga mstari ni nyepesi, na makosa yake pia ni mepesi. Bolti hukazwa kwanza kwa kipimo, gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Mikono yenye bushi za mpira ikikazwa wakati gari linaning'inia kwenye jeki, mpira hubaki umejipinda na hauchukui muda kuchanika. Kisha sehemu husuguliwa kwa tina mpaka kitambaa kitoke safi, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya mafuta hubanduka yenyewe na kumtia mtu hofu bure. Mstari ni lazima uguse vyote vinavyoweza kuzunguka, nati, wosha na ncha ya bolti, na ufike kwenye kipande kisichozunguka. Ukiishia kwenye wosha, wosha na nati vinaweza kuzunguka pamoja na mstari ukabaki mzima. Hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote. Aidha upigwe upande unaoonekana kwa mtu aliyechuchumaa na tochi baada ya kukata usukani. Bolti ikifunguliwa, rangi ya zamani hukwanguliwa yote, na ikikazwa mara ya pili hupewa rangi tofauti.

Mfano mmoja wa karibu. Chini ya Impreza, shokapu ya mbele hushikanishwa na kitovu cha gurudumu kwa bolti mbili, na ile ya juu ina umbo la yai shingoni ili kulaza tairi ndani au nje, kile mafundi wanachokiita kemba. Kichwa chake kikisogea upana wa njiti ya kiberiti, milimita mbili hivi, kimezunguka takriban digrii 12. Kwa uzi wa milimita 1.5 hiyo ni milimita 0.05 tu ya urefu. Inaonekana si kitu. Lakini bolti ya namna hii ikikazwa vizuri huvutika karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, basi sehemu kubwa ya mkazo imeshaondoka wakati mkono ukiishika bado unaiona imara. Dereva hajasikia mlio wowote. Kinachomwamsha baadaye ni tairi lililolika upande wa ndani.

Vifaa vya kurekebishika vinadai alama ya namna mbili, kwa kuwa kwenye hivyo swali la zamani na swali jipya hukutana: kilikaa wapi, na kimesogea? Pete za koilova hupigwa mstari unaozivuka zote mbili hadi kwenye mwili wa shokapu, na urefu kutoka pete ya chini hadi bamba la chini hupimwa kwa milimita ukaandikwa. Sahani za kemba zilizo juu, chini ya boneti, hukwaruzwa kwa msumari, maana rangi hapo hufutika kwa kuoshwa. Ncha za usukani huwekewa mstari kwenye lokinati, na nyuzi zinazoonekana nje huhesabiwa. Mibofyo ya shokapu huhesabiwa kuanzia mwisho wa ugumu. Yote haya huingia daftarini pamoja na kilomita za siku hiyo, kwa sababu gari likitoka kwenye alaimenti kila kipimo huwa kipya na mstari wa jana huwa uongo.

Land Cruiser za watalii za Arusha, zilizorefushwa chesisi na kuongezwa majani ya springi, zina tatizo lao: majani mapya hujipanga na kukaa chini katika kilomita mia chache za mwanzo, na yubolti hubaki zimelegea bila nati kuzunguka hata nywele. Hapo mstari utaonekana safi na gari litakuwa bovu.

Hapo pia ndipo mpaka wa alama ulipo. Mstari husoma mzunguko peke yake. Hausomi bolti iliyorefuka, wala ufa, wala rangi nene iliyopulizwa kati ya vipande viwili kisha ikasagika na kuacha nafasi. Dalili za hayo ni nyingine: vumbi jekundu la kutu linalotoka kwenye ukingo wa kiungo kikavu, chuma kilichong'aa mahali ambapo palipaswa kuwa na uchafu, mlio wa kugonga wakati wa kupita tuta polepole. Kwa hiyo kiungo kipya hurudiwa kwa spana ya kipimo mara moja baada ya kilomita za kwanza, 50 hadi 100 kwa nati za tairi, na baada ya hapo huachiwa macho. Bolti iliyokutwa mstari umekatika haikazwi ikaachwa hivyo. Hufunguliwa, nyuzi zikatazamwa, na ikisogea mara ya pili hubadilishwa pamoja na nati yake.

Kuhusu rangi, njano na nyeupe ndizo zinazosomeka vizuri kwa tochi. Nyekundu, inayopatikana kila duka, haifai kwa gari linalopita Voi na Tsavo: baada ya safari moja haitofautiki na vumbi.