Betri Haipumziki

Dereva wa utalii wa Karatu anayajua majira mawili tu: majira ya wageni na majira ya mvua. Masika yakishaingia, kati ya Machi na Mei, barabara zetu za udongo mwekundu huteleza kama sabuni, baadhi ya kambi hufungwa, na magari yale yenye paa la kufunguka huegeshwa nyuma ya nyumba. Hukaa hapo wiki sita, nane, pengine kumi. Watu husema gari linapumzika. Injini, labda. Betri haipumziki hata siku moja.

Uwanja wangu ni mpana, na vijana wengi wa kazi hiyo niliwafundisha hesabu walipokuwa wakivaa kaptula. Basi huja, "Shikamoo Mwalimu," wananikabidhi ufunguo na kwenda zao kupanda mahindi. Ndivyo nilivyoanza kuyachunguza mambo ya betri, maana mwalimu hawezi kukaa na kitu uani asikiulize maswali.

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, miaka 100 kabla ya Ngorongoro kutengwa kuwa eneo la hifadhi, na asili yake haijabadilika sana tangu hapo. Ndani mna vyumba sita, kila kimoja kina volti 2 na kidogo, jumla yake ni 12.6 hivi betri ikiwa imejaa. Inapotoa umeme, sahani za risasi hupata utando mweupe wa salfeti. Ukiichaji mapema, utando huo hurudi katika tindikali, kazi ikaendelea. Ukiiacha wiki nyingi katika hali hiyo ya nusu njaa, utando huganda ukawa fuwele ngumu, kama magadi yanavyoganda ukingoni mwa ziwa lililo chini kreta. Hapo chaja ikija, imekuja kwenye matanga.

Na betri huliwa hata gari likiwa limezimwa. Kwanza hujila yenyewe kidogo kidogo kila mwezi, na joto huzidisha mlo huo. Kwa hili sisi wa nyanda za juu tumebahatika kuliko watu wa Tanga. Pili kuna walaji wa pembeni: redio ya mawasiliano, king'ora cha wezi, saa, na friji ya soda za wageni ambayo mtu amesahau kuizima. Tuseme walaji hao wanavuta sehemu 5 tu kwa 100 za ampea moja. Ni kidogo mno, taa ya ndani huvuta zaidi. Lakini zidisha kwa saa 24 upate ampea-saa 1.2 kwa siku, kisha kwa siku 30 upate 36. Betri ya ampea-saa 70 imekwisha nusu kabla mahindi hayajafika magotini. Hesabu hii ni ya darasa la sita, na nimeona watu wazima wakiikataa mpaka walipopiga stata na kusikia mlio wa tik, tik, basi.

Mwaka 2020 jambo hili liliacha kuwa la masika tu. Mwaka uliotangulia nchi yetu ilikuwa imepokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka ule wa korona wakashuka hadi kama laki 6 na elfu 20. Machi magari yalirudi Karatu moja baada ya jingine, na hakuna aliyejua yatatoka lini. Mpwa wangu alikuwa na Land Cruiser aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Marejesho hayakujua habari ya korona. Nilimwambia, "Mjomba, mgeni wa kwanza atakayepiga simu hatasubiri uende Arusha kutafuta betri."

Tulifanya hivi. Tulimimina maji safi ya betri, yale yasiyo na chumvi yanayouzwa vituo vya mafuta, mpaka sahani zikafunikwa; tindikali haiongezwi, kwa kuwa kinachopungua ni maji. Tukaichaji mpaka ikajaa, nje penye hewa, bila sigara karibu, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka. Kisha tukafungua waya wa hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi ya gari, utaona cheche ambazo hutazisahau. Wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho.

Kila wiki mbili nilipima kwa mita. Ikisoma 12.6, sawa. Ikishuka 12.4, imebaki robo tatu, ichajiwe siku hiyohiyo. 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni karibu na kaburi. Baadaye tulifunga paneli ndogo ya sola ya wati 10 pamoja na kidhibiti chake, na hata kwa mawingu ya Mei ilitosha kuilinda.

Jirani yangu alikuwa na dawa yake: kila Jumapili baada ya ibada aliwasha gari dakika kumi, likanguruma, akazima akaridhika. Kuwasha injini ya dizeli hukomba umeme mwingi, nayo ikinguruma tu pale ilipo hurudisha kidogo. Afadhali angeliendesha saa nzima, aende Mto wa Mbu na kurudi, lakini nani alikuwa na pesa ya mafuta? Aliamini pia kwamba betri ikiwekwa juu ya saruji inanyonywa. Imani hiyo ilikuwa na maana enzi za makasha ya mbao na mpira mgumu. Kasha la plastiki la leo halijali limewekwa wapi.

Kulikuwa pia na gari kubwa la kulalia ndani, la wazee wawili Wazungu waliopanda ndege kurudi kwao. Wao walibandika karatasi kwenye usukani: betri ya injini ijazwe, lakini ile ya taa na friji, kwa kuwa ni ya lithiamu, iachwe nusu na ikatwe kwenye mfumo. Nilipenda karatasi ile. Lithiamu ina desturi yake. Kukaa imejaa miezi mingi huichosha. Kanuni ya risasi usiipeleke huko.

Pengine mtu atasema, betri ikilala si gari linasukumwa? Kwa Karatu mjini, ndiyo. Lakini kazi ya gari hilo iko Ngorongoro. Asubuhi ya Julai ukingoni, mita 2,300 hivi juu ya bahari, oili imekuwa nzito na betri yenyewe imepunguza nguvu kwa baridi. Chini kreta huruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali maalumu kama Ngoitokitok, na saa 12 jioni magari yote yawe yametoka. Umezima injini ili wageni wapige picha za simba, kisha haiwaki. Nani atasukuma?

Ndege za abiria zilifunguliwa tena Mei 2020, na simu ya mpwa wangu ililia Julai. Tulirudisha chanya, kisha hasi, akasubiri taa ya hita izimike, akapiga stata mara moja. Jirani alihangaika na nyaya za kuazima umeme siku mbili. Gari likiwaka, likizimwa haliwaki tena. Safari yake ya kwanza ilichukuliwa na mwingine.

Vijana walitaka kuipasua betri ile iliyokufa watoe risasi wakauze. Nilikataa, watoto wanacheza uani pale. Ilisafirishwa nzima kwa basi hadi Arusha, imesimamishwa wima ndani ya ndoo, kwa muuzaji anayepokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya.